Swali Lililoulizwa Katika Hospitali ya Tatu: Kisa cha Mabonge ya Damu Baada ya Chanjo

Kabla ya kusoma

Mgonjwa wa kisa hiki alipita mikononi mwetu Nairobi mwaka 2021. Yeye na dada yake waliisoma rasimu wakakubali iandikwe. Umri, kazi, mtaa na tarehe kamili vimeondolewa au kusogezwa, na hakuna kituo cha afya kilichotajwa kwa jina. Mfuatano wa siku, vipimo, na mambo tuliyoyasema na tuliyoyanyamazia nimeuacha kama ulivyokuwa. Naandika hasa kwa matabibu, wauguzi na madaktari wanaoanza kazi kasualti, ila nimejaribu kutumia lugha ambayo hata ndugu wa mgonjwa ataifuata.

Hali ya mji wakati ule

Shehena ya kwanza ya chanjo ya AstraZeneca, dozi zaidi ya milioni moja zilizotengenezwa India, ilitua Nairobi mwanzoni mwa Machi 2021 kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Uchanjaji ulianza Machi 5. Wahudumu wa afya walitangulia, wakafuatwa na walimu, polisi na watu wa miaka 58 kwenda juu. Wimbi la tatu la korona nalo lilikuwa limepanda. Machi 26 Rais Uhuru Kenyatta alifunga kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na kafyu ikawa inaanza saa mbili usiku. Wodini tulikuwa tunahesabu mitungi ya oksijeni.

Wakati huohuo habari nyingine zilikuwa zinatoka Ulaya. Machi 11 Denmark ilisimamisha chanjo hiyo kwa sababu ya watu wachache waliopata mabonge ya damu, na siku chache baadaye Ujerumani, Ufaransa na Italia zikafuata. Aprili 7 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatangaza kwamba mabonge yanayoambatana na upungufu wa chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kugandisha, yaorodheshwe kama madhara ya nadra sana ya chanjo hiyo. Siku mbili baadaye jarida la tiba la New England likachapisha makala mawili, moja la wagonjwa 11 wa Ujerumani na Austria, jingine la watano wa Norway, yakieleza ugonjwa wenyewe ulivyo.

Kwa wengi wetu habari hizi zilifika kwa WhatsApp kwanza. Zilifika zikiwa zimechanganyika na uvumi kwamba chanjo inaua uzazi, na kwamba Waafrika wanafanyiwa majaribio. Tulikuwa tunapigana na uvumi huo kutwa, na ulimi wetu ukazoea jibu moja la haraka: chanjo ni salama. Nalisema hili mapema kwa sababu msomaji asiyeikumbuka miezi ile atawaona wenzetu wa kituo cha kwanza kuwa wazembe. Hawakuwa wazembe. Walichoka, na walikuwa wanaitetea chanjo iliyokuwa ikiokoa maisha.

Mgonjwa

Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu, mama wa watoto wawili, mkazi wa Eastlands. Hakuwa na presha wala kisukari. Hakuwa akitumia vidonge vya kupanga uzazi, hakuwa mjamzito, havuti sigara. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuganda damu. Alikwenda kuchanjwa kwa hiari yake pamoja na dada yake mkubwa, tena yeye ndiye aliyemvuta dada.

Siku kwa siku

Usiku wa siku aliyochanjwa alipata homa, baridi na maumivu ya mkono. Siku ya tatu alikuwa mzima, akarudi kazini. Hizo ni dalili za kawaida, mwili unapojifunza, na hazihusiani na kilichofuata. Ugonjwa tunaouzungumzia hauanzi usiku wa kwanza. Huanza mtu akiwa ameshasahau kwamba alichanjwa.

Siku ya nane kichwa kilianza kuuma. Alitueleza baadaye kwa maneno ambayo kila mwanafunzi wangu sasa huyasikia: "Nikilala kinapasuka, nikiketi kinatulia kidogo." Siku mbili alilala ameketi kwenye kochi. Akikohoa, maumivu yalishuka hadi kwenye macho. Kemisti wa mtaani alimuuzia diklofenaki, dawa ya maumivu.

Siku ya kumi alikwenda kliniki. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi. Widal, kipimo cha taifodi, ilikuwa chanya. Yeyote aliyeishi Nairobi anajua kinachofuata: taifodi, sindano za antibiotiki siku tano, na sindano ya maumivu juu yake. Mgonjwa alimwambia mhudumu, bila kuulizwa, kwamba alikuwa amechanjwa wiki iliyopita. Alijibiwa kwa upole, "Chanjo haina shida, mwalimu. Wewe usisikilize maneno ya mitandao." Kwenye kadi ya matibabu neno chanjo halikuandikwa.

Siku ya kumi na mbili alitapika mara nne, macho yakaanza kuona ukungu, na mguu wa kushoto ukavimba hadi kiatu kikakataa. Familia ilimpeleka hospitali ya pili. Huko walifanya kazi nzuri kwa haraka. Kipimo cha Doppla, cha mawimbi ya sauti, kilionyesha bonge kwenye vena ya paja (mshipa unaorudisha damu moyoni), naye akaanzishiwa enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ya jamii ya heparini, kama kitabu kinavyosema. Kwa ajili ya kichwa walipiga picha ya CT bila dawa ya kung'arisha mishipa, nayo ikasomwa kuwa ya kawaida. Hesabu kamili ya damu ilichukuliwa jioni hiyo, majibu yakatoka usiku, karatasi ikabandikwa kwenye faili. Chembe sahani zilikuwa 38,000. Kawaida ni 150,000 hadi 400,000.

Asubuhi dozi ya pili ya enoksaparini ilitolewa kabla ya mtu kufungua faili. Aliyeiona karatasi saa sita mchana aliwaza kama ambavyo wengi wetu tungewaza: hapa kwetu kinachoshusha chembe sahani ni malaria, na kipimo cha haraka huweza kukosea. Akaandika dawa ya malaria. Jioni mgonjwa alianza kusinzia katikati ya mazungumzo, ikaamuliwa aletwe kwetu. Kwa sababu ya kafyu na uhaba wa ambulensi, alifika saa tano usiku, siku ya kumi na tatu.

Daktari wa intani aliyempokea alikuwa na miezi michache tu kazini. Alisoma barua ya rufaa: bonge mguuni, taifodi, huenda malaria. Akamgeukia dada mtu na kuuliza, "Ndugu yako alichanjwa korona? Tarehe gani?" Dada akafungua mkoba, akatoa kadi mbili za chanjo, yake na ya mdogo wake, zenye tarehe moja. Intani akahesabu siku kwa vidole, akanipigia simu.

Ugonjwa huu hufanyaje kazi

Nieleze kifupi, maana maamuzi yetu hayaeleweki bila hili. Chembe sahani zina protini iitwayo PF4. Kwa watu wachache sana, baada ya chanjo zilizobebwa na adenovirusi, aina ya virusi vya mafua, yaani AstraZeneca na Johnson & Johnson, mwili hutengeneza kingamwili zinazoishika protini hiyo. Muungano huo huziamsha chembe sahani kana kwamba kuna jeraha mahali. Zinashikana, damu inaganda pasipopaswa kuganda, hasa kwenye vena za ubongo na za tumbo, na kwa kuwa zinatumika ovyo, zinakwisha katika damu. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anakuwa na mambo mawili yanayoonekana kupingana: mabonge, na upungufu wa kile kinachogandisha. Anaweza kuziba na kuvuja kwa wakati mmoja. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya tano na ya thelathini.

Uhasama wa namna hii tunaujua kwa heparini, maana baadhi ya wanaopewa dawa hiyo hutengeneza kingamwili zinazofanana na hizi. Kwa sababu ya ufanano huo, mapendekezo ya Aprili 2021 yalikuwa kwamba heparini iepukwe hadi ugonjwa ueleweke zaidi.

Maamuzi na sababu zake

Kwanza tulisimamisha enoksaparini. Niliandika kwenye faili, nikadhani nimemaliza. Muuguzi wa zamu ndiye aliyeuliza, "Na ile tunayosafishia kanula, daktari?" Kanula ni ule mrija mdogo wa kwenye mshipa. Trei ya wodi ilikuwa na maji ya chumvi yenye heparini kidogo, yanayotumika kuzuia kanula isizibe. Mimi sikuyafikiria. Akayaondoa, akaweka maji ya chumvi matupu, akaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi juu ya kitanda: ASIPEWE HEPARINI YA AINA YOYOTE.

Pili, picha. CT ya kawaida inaweza kulikosa kabisa bonge la kwenye vena za ubongo. Tuliomba CT yenye dawa ya kuonyesha vena, ikafanyika saa nane usiku. Vena kubwa ya juu ya ubongo na moja ya pembeni zilikuwa zimeziba. Kulikuwa pia na doa dogo la damu iliyovuja. Maabara ikaleta mengine: chembe sahani 21,000, D-dimeri (alama ya mabonge yanayovunjika mwilini) zaidi ya mara ishirini ya kiwango cha kawaida, fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) chini. Filamu ya damu ilitazamwa na watu wawili, hakukuwa na kimelea hata kimoja cha malaria.

Tatu, tiba ya kuzituliza zile kingamwili. Dawa ni imunoglobulini ya mishipa, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka damu ya watu wengi, gramu moja kwa kila kilo ya uzito, siku mbili mfululizo. Mgonjwa wetu alikuwa na kilo 60, kwa hiyo gramu 60 kwa siku. Famasi yetu ilikuwa na za kutosha siku moja tu, tena baadhi zilikuwa zimetengwa kwa mgonjwa mwingine. Tuliamua kuanza na zilizopo badala ya kungoja zitimie, tukaongeza deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Ndugu walifungua kundi la mchango usiku uleule. Hadi adhuhuri fedha zilikuwa zimeingia kwa M-Pesa kutoka kwa walimu, majirani na wazazi wa wanafunzi, na chupa za siku ya pili zikatafutwa katika hospitali tatu za mjini zikapatikana. Alipewa zikiwa zimechelewa kwa muda wa saa kumi na moja.

Hapa tulifanya kosa ambalo hatukulitambua hadi baadaye. Hatukuchukua damu ya kuhifadhi kabla ya imunoglobulini. Kipimo cha kingamwili za PF4 hakikuwepo kwetu, nasi tukajiambia kwamba hakuna haja ya sampuli ya kipimo kisichopo. Lakini sampuli ingegandishwa, ikangoja.

Nne, jambo la kuongezewa chembe sahani. Hili ndilo lililotugombanisha na familia. Kaka wa mgonjwa alikuwa ameambiwa na mtu kwamba chembe zimekwisha, akaja alfajiri na vijana watano wa mtaa wao tayari kutoa damu. Tukakataa. Fikiria unavyoonekana: dada yako amekwisha kitu mwilini, umekileta, na daktari anakukatalia mlangoni. Nilimwambia kwamba ugonjwa huu unazikamata chembe sahani na kuzifanya mabonge, na zako tukimpa leo zitakamatwa kama zile zake. Alinitazama kwa muda. "Kwa hiyo tukae tumwangalie?" Nikamwomba waende kutoa damu hata hivyo, kwa kuwa benki ilikuwa kavu na dada yake angeweza kuhitaji upasuaji, ambapo hesabu ingebadilika. Watatu walikwenda. Wawili waliondoka kwa hasira, nami siwalaumu.

Tano, lini tuanze dawa ya kuzuia kuganda isiyo ya heparini. Argatrobani na fondaparinaksi hatukuwa nazo. Warfarini haikufaa, kwa kuwa katika magonjwa ya jamii hii, ikitolewa chembe zikiwa bado chini, inaweza kuleta uozo wa viungo. Tulichagua rivaroksabani kwa sababu ipo katika maduka mengi ya dawa Nairobi na mgonjwa angeweza kuendelea nayo nyumbani. Mabishano yalikuwa juu ya lile doa la damu kichwani. Daktari wa upasuaji alitaka tungoje wiki. Mtaalamu wa damu tuliyempata kwa simu alikuwa na hoja ambayo mwanzoni huonekana kinyume: damu ile inavuja kwa sababu vena mbele yake imeziba, na vena ikibaki imeziba itaendelea kuvuja. Tukakubaliana tuanze mara chembe zitakapovuka 50,000. Zipo hospitali ambazo zingeanza mapema zaidi kwa dozi ndogo, na sidhani zingekuwa zimekosea.

Mazungumzo na familia

Asubuhi ya siku ya pili ya kulazwa tuliketi na familia nje, kwenye viti vilivyotengwa mita moja na nusu, barakoa usoni. Mama mzazi, dada, kaka, na mume aliyekuwa kimya muda wote. Kabla hatujaingia, mwenzetu mmoja mkubwa alitushauri tuseme "mabonge ya damu" tu, chanjo tusiitaje, maana kaka alikuwa anaandika Facebook na kesho mtaa mzima ungeikimbia chanjo. Ushauri ule haukutoka kwa mtu mbaya. Mwezi ule alikuwa amezika wenzake wawili waliokufa kwa korona.

Tuliamua kusema. Nilianza na mama kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa na kila mtu. Nikamwambia, "Mama, tunaamini ugonjwa huu umeletwa na chanjo. Hatuna kipimo cha kuthibitisha, lakini siku, damu na picha vyote vinaelekea huko. Ni jambo la nadra mno, na limempata binti yako." Hakulia. Aliuliza, "Nadra ni wangapi?"

Nikamjibu kwa hesabu iliyokuwepo. Uingereza, hadi mwisho wa Machi, ilikuwa imehesabu wagonjwa 79 katika dozi milioni 20, sawa na wanne katika milioni. Dada akataka mfano. Nikamwambia ujaze uwanja wa Kasarani mara nne, watu zaidi ya laki mbili, umtafute mmoja. Korona yenyewe, nikaongeza, inagandisha damu za watu wengi zaidi, na wanne wao walikuwa katika wodi ya ghorofa ya juu asubuhi ile.

Hesabu hiyo baadaye ilibadilika. Kadiri madaktari walivyojua kuitafuta, ndivyo walivyoipata: Uingereza ilifikia kukadiria takriban mtu mmoja katika 50,000 kwa walio chini ya miaka 50, na mmoja katika 100,000 kwa waliozidi hapo. Kwa umri wa mgonjwa wetu, Kasarani moja ingetosha. Sikuwadanganya, ila niliitoa namba ya wiki ile kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Nilipaswa kuwaambia kwamba ni hesabu ya mwanzo na itapanda. Dada alipoiona ile mpya gazetini miezi miwili baadaye, alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya salamu.

Kaka aliuliza kama anaweza kuandika. Nikamwambia hakuna wa kumkataza, ila nilimwomba aandike dalili pamoja na siku: kichwa kisichopoa kuanzia siku ya nne, macho kuona ukungu, kifua, tumbo, mguu kuvimba, vidoa vyekundu kwenye ngozi. Aliandika hivyohivyo. Watu wawili wa mtaa wao walikwenda hospitali kupimwa chembe sahani kwa sababu ya andiko lile. Wote wawili walikuwa wazima, na naamini safari zao hazikuwa bure.

Matokeo

Usiku wa pili alishikwa na degedege, akapewa dawa, halikurudi. Chembe sahani zilipanda: 34,000, kisha 67,000 siku ya tatu ya kulazwa, ambapo rivaroksabani ilianza, na kufikia wiki moja 140,000. Aliruhusiwa baada ya siku kumi na sita. Mguu ulipona. Jicho la kushoto halikurudi lote, neva yake ilikuwa imebanwa na shinikizo la kichwani kwa siku nyingi mno. Mpaka leo hasomi maandishi madogo kwa jicho hilo, na daftari za wanafunzi huzisahihisha mchana tu.

Fomu ya madhara baada ya chanjo tuliijaza na kuituma kwa Bodi ya Famasia na Sumu siku ya nne ya kulazwa. Ilipaswa kwenda usiku wa kwanza. Kwa vigezo vilivyochapishwa baadaye na Waingereza, kisa chetu kinaingia kundi la "huenda kabisa", si "thabiti", kwa sababu ya sampuli moja isiyochukuliwa. Katika ripoti yao ya wagonjwa 220 iliyotoka Agosti 2021, asilimia 22 walifariki. Kwa waliofika na chembe chini ya 30,000 wakiwa na damu iliyovuja kichwani, vifo vilifikia asilimia 73. Niliisoma namba hiyo nikiwa peke yangu ofisini, nikakumbuka 21,000 na lile doa.

Uchambuzi

Mgonjwa huyu aliokolewa na swali la tarehe, na swali hilo halihitaji mashine. Lilichelewa siku tatu. Lakini tazama lilivyochelewa: mgonjwa mwenyewe alilijibu siku ya kumi kabla ya kuulizwa, na jibu likatupwa. Mhudumu alilisikia neno "chanjo" kama uvumi unaohitaji kutulizwa, hakulisikia kama historia ya ugonjwa. Mtu akisema alikula uyoga, tunaandika. Akisema aliumwa na mbwa, tunaandika na siku. Chanjo tuliacha kuiandika kwa sababu tuliogopa karatasi yetu itageuka kuwa ushahidi mkononi mwa wapinzani wa chanjo. Hofu hiyo niliiona pia ndani ya hospitali yetu, katika ule ushauri wa kunyamaza. Mimi mwenyewe wiki mbili kabla nilikuwa nimemwambia jirani yangu maneno yaleyale ya kliniki ya kwanza.

Kuhusu Widal niseme wazi. Kipimo hiki huwa chanya kwa watu wengi wasio na taifodi, na Nairobi kimegeuka kituo cha mwisho cha kila kichwa kinachouma. Ubaya wake si zile antibiotiki tu. Kikishatoa jina la ugonjwa, hakuna anayeendelea kutafuta. Hesabu kamili ya damu siku ile ingeonyesha chembe zikishuka siku mbili kabla ya mguu kuvimba, na huenda jicho lingepona.

Malaria nayo ilikuwa wazo la haki. Inashusha chembe sahani kweli, kama dengi. Ila malaria haizibi vena ya paja. Mambo mawili yakikutana kwa mgonjwa mmoja, bonge na upungufu, inapasa kusimama na kutafuta ugonjwa mmoja unaoyabeba yote, badala ya kumpa kila dalili dawa yake.

Heparini inahitaji haki yake. Dozi mbili zilitolewa, na chembe zikashuka kutoka 38,000 hadi 21,000. Ni rahisi kusema heparini ndiyo iliyozishusha, na familia walitaka niseme hivyo. Siwezi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa unazishusha, na takwimu zilizokuja baadaye hazikuonyesha tofauti kubwa ya vifo kati ya waliopewa heparini na waliopewa dawa nyingine. Kilichonisumbua ni karatasi iliyolala kwenye faili tangu usiku hadi saa sita mchana. Dawa yoyote ya kuzuia kuganda, kwa chembe 38,000, ilihitaji mtu aione namba hiyo kwanza. Sasa maabara yetu hupiga simu kwa chembe chini ya 100,000, na jina la aliyepokea simu huandikwa.

Kilichofaulu ni kuanza na nusu ya imunoglobulini, muuguzi kuuliza juu ya kanula, na intani kuthubutu kumwamsha daktari wa zamu kwa sababu ya hesabu ya vidole. Kwa habari ya mchango, sijui niuweke upande gani. Ulifanya kazi kwa sababu mwalimu anajulikana na watu wengi. Mgonjwa mwenye simu yenye majina kumi angekosa chupa za siku ya pili.

Wapo wanaoniuliza kisa hiki kina faida gani sasa, wakati AstraZeneca imeondoa chanjo hiyo sokoni Ulaya tangu Mei 2024. Mwaka 2023 wataalamu walieleza wagonjwa waliopata kingamwili na mabonge ya namna hii baada ya maambukizi ya kawaida ya adenovirusi, mafua ya kila siku, bila chanjo yoyote. Ugonjwa upo. Mabonge pamoja na chembe sahani chache bado yatafika kasualti, na safari hiyo hakutakuwa na kadi mkobani.

Dozi ya pili

Mgonjwa wetu alipewa kadi iliyoandikwa kwamba asichanjwe tena AstraZeneca wala Johnson & Johnson. Chanjo ya Moderna ilipoingia nchini Agosti 2021, tulimweleza kwamba haibebwi na adenovirusi. Alifikiri hadi Novemba, akachanja.

Lililokuwa gumu ni la dada. Alikuwa amepata dozi ya kwanza siku ileile, kituo kilekile, akakaa salama. Juni alikuja kliniki pamoja na mdogo wake, akangoja wengine watoke, akafunga mlango. Wiki hiyo Kenya ilikuwa imepokea dozi zaidi ya 350,000 za AstraZeneca kutoka Denmark, nchi iliyokuwa imeacha kabisa kuitumia tangu Aprili. "Daktari, wao wameikataa, wametuletea sisi. Na mimi nimemuuguza huyu. Niende?"

Nilimwambia kwamba Denmark ilikuwa na chanjo nyingine za kutosha na wagonjwa wachache wa korona, ndiyo maana ilimudu kuiacha, na sisi siku hiyo hatukuwa na kimojawapo. Nilimwambia kwamba ugonjwa wa mdogo wake karibu wote hutokea baada ya dozi ya kwanza, na yeye aliivuka bila tatizo. Nilimwambia pia kwamba hasira yake ina msingi, na kwamba akikataa sitamwona mjinga. Akaniuliza kama ningempeleka dada yangu mimi. Nikamjibu ndiyo, ila ningeandika tarehe ukutani jikoni na kumpigia kila jioni kuanzia siku ya nne.

Alichanja wiki iliyofuata. Alinipa namba ya simu ya mumewe, ikiwa yeye hatapokea.